Juu ya nini wageni wanaacha hoteli na kulala mu nyumba za mitaa? Tuangalie Kadutu

Mama mudogo wangu alifika Bukavu saa moja ya usiku, matope mpaka ku magoti. Alitoka Kamituga na binti yake mugonjwa wa tumbo, na mutoto wa kunyonya wa huyo binti, na kijana mumoja wa kubeba mizigo. Kwetu Nyamugo tuko watu tisa mu vyumba viwili na salo. Usiku ule tulitandika matela chini, tukalala kama sambaza mu beseni. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu akaniita pembeni na kuniuliza kama sijui nyumba ya kulipa kwa siku.

Wazee wanasema mugeni siku mbili, ya tatu umupatie jembe. Sisi hatukumupatia jembe. Yeye mwenyewe njo alilitafuta.

Tulishuka kwanza mu muji, upande wa Ibanda, tukauliza bei ya hoteli. Walituambia bei ya chumba kimoja, tukazidisha mara mbili, kisha mara siku ambazo munganga alikuwa amesema, tukatoka kimya. Ni komisioneri mumoja wa Nkafu aliyetuonyesha kile tulichokuwa tunatafuta: nyumba ndogo mu parseli ya familia, salo, vyumba viwili, jiko, choo ndani, na tanki ya maji nyuma. Mama mudogo hakuangalia kitanda. Aliingia jikoni, akafungua robine, akagusa mbabula kuona kama iko nzima, kisha akauliza soko la Kadutu liko umbali gani kwa miguu. Alikaa pale siku kumi na tisa.

Tangu siku hiyo nikaanza kuangalia vizuri. Mu Nkafu, mu Nyakaliba, mu Kasali, hata kule juu Cimpunda, utaona nyumba ambayo jana ilikuwa ya mupangaji wa miezi, leo mapazia ni mapya, na kila juma kuna sura ingine ku mulango. Wengine wanaiita apartema, wengine nyumba ya wageni. Jina siyo kitu. Ni nyumba yenye vitanda, vyombo na jiko, unailipa kwa siku ao kwa juma, iko katikati ya majirani, na hakuna mutu wa kukaa mezani kukungoja na fungulo.

Tuelewane kwanza: huyu mugeni ni nani? Mutu akisikia neno "mugeni wa apartema" anafikiri muzungu wa shirika ao mutu wa Kinshasa mwenye sanduku la magurudumu. Wako, lakini mara nyingi hao wanapenda Muhumba, Nguba ao Labotte, karibu na ziwa. Mu Kadutu mugeni ni mutu kama mama mudogo wangu. Ni familia yenye mugonjwa ku hospitali ya Docteur Rau kule Ciriri, ku hospitali ya mukoa, ao hata ku Panzi. Ni mama muchuuzi kutoka Idjwi, Kalehe ao Walungu, mwenye kuja kununua ku soko na kungoja deni lake lilipwe. Ni muzazi mwenye kusindikiza mutoto ku masomo ya juu na bado hajapata chumba. Ni watu wa ndoa na kilio, kumi na wawili mara moja. Na mwanamuke wa Kadutu aliyeolewa Goma ao Uvira, anarudi kuangalia wazazi, lakini hapendi kulala mu salo ya kaka yake pamoja na watoto watatu.

Hoteli kubwa za Bukavu hazikujengwa kwa watu hao. Wakati wa Wabelgiji, muji ulipoitwa Costermansville, sehemu ya chini karibu na ziwa ilikuwa ya wazungu, na Kadutu ilikuwa "cité", mahali pa wafanyakazi waafrika. Hoteli ikakaa kule chini, na huku juu mugeni alipokelewa na jamaa. Jina la Costermansville liliondoka mu miaka ya 1950, lakini mugawanyo ule haukuondoka wote. Mupaka leo mutu akitafuta hoteli yenye jina, kama Résidence ku avenue Lumumba ao Orchids ku ukingo wa ziwa, anashuka Ibanda. Kadutu ilibaki na watu wengi, parseli ndogo, njia za kupita mutu mumoja mumoja, na soko. Hizi nyumba za wageni zinaziba shimo la zamani: zinafanya kazi ambayo salo ya jamaa ilikuwa inafanya bure, wakati salo ilikuwa bado na nafasi.

Sababu ya kwanza ni jiko. Ukiuliza wageni kumi watakutajia bei, lakini ukikaa nao utaona ni chakula. Mu hospitali zetu nyingi, familia njo inapika na kupelekea mugonjwa. Mugonjwa aliyepasuliwa tumbo munganga anamuambia: uji laini, bila mafuta, mara tano kwa siku. Utapikia wapi uji mara tano ukiwa mu chumba cha hoteli? Utanunua restora, na restora haina uji wa saa nne ya usiku. Mama mudogo alikuwa anaamuka saa kumi na moja, anapika uji wa masoso, anaweka mu termosi, anateremuka. Saa nne anapita soko, ananunua lenga-lenga na sambaza, anapika chakula cha watu wanne. Alikuwa anajua kilo ya makala inatumika siku ngapi. Hiyo hesabu yote anaifanya akiwa na jiko lake. Bila jiko anakuwa mutu wa kunyoosha mukono tu.

Tupige hesabu ya mufano, siyo bei ya nyumba fulani. Tuseme hoteli ya kawaida ni dola 25 kwa chumba. Watu wanne, vyumba viwili: dola 50 kwa usiku. Siku 19, dola 950. Chakula cha kununua, tuseme dola 12 kwa siku kwa wote: dola 228. Jumla dola 1 178. Sasa nyumba ya mutaa, dola 15 kwa siku, vyumba viwili na salo: siku 19, dola 285. Chakula cha kupika pamoja na makala, dola 6 kwa siku: dola 114. Jumla dola 399. Tofauti ni dola 779. Kwa familia ya mukulima ao ya muchimba dhahabu mudogo, tofauti hiyo njo dawa, njo gari ya kurudi, na mara ingine njo kujua kama mugonjwa atabaki mu hospitali mupaka apone ao watamutoa mbele ya siku.

Tena bei ya mutaa inaongeleka. Ku hoteli bei imeandikwa ku ukuta. Mu mutaa unakaa na mwenye nyumba, munaongea, anakuuliza mugonjwa iko namna gani, anakuambia "leta ya juma moja kwanza, ingine tutaona". Tangu vita vilipofika Bukavu mu Februari 2025 na banki zikafunga milango, neno hilo limekuwa na uzito zaidi. Franga inatumwa na jamaa ku telefoni, kwa Airtel Money, Orange Money ao M-Pesa, leo dola 20, kesho kutwa dola 10. Mwenye nyumba wa mutaa anaweza kungojea, kwa sababu anakuona kila asubui ukichota maji.

Safari nazo zilibadilika. Ndege za abiria ziliacha kutua Kavumu mu wakati ule ule wa Februari 2025, na mutu wa mbali anazunguka: anapitia Goma na kupanda mashua ya ziwa, ao anapitia Rwanda mupaka Kamembe kisha anavuka Ruzizi kwa miguu. Safari ikiwa ndefu namna hiyo, mutu hakuji kwa siku mbili. Anakuja kwa juma mbili, anamaliza mambo yote mara moja. Hoteli ni ya kulala usiku mumoja ao mbili. Juma mbili zinataka nyumba.

Maji na umeme. Hapa sitasema sana, kila mutu wa Kadutu anajua. Tuko ku kilima, maji ya REGIDESO inapanda wakati inapenda. Mitambo ya Ruzizi iko hapa karibu, hata hivyo SNEL inakata na kurudisha bila kuaga. Kwa hiyo wenye nyumba za wageni walielewa haraka: tanki ya lita elfu moja na panneau moja ya jua ku paa inaleta wageni kuliko rangi mupya ku ukuta. Mugeni mwenye mutoto wa kunyonya akisikia "kuko tanki" anaacha kuuliza mengine.

Kuna sababu ingine ambayo watu hawasemi kwa sauti kubwa. Mu mitaa yetu neno "hoteli", zaidi ile ndogo ya pembeni ya baa, lina harufu mubaya. Mwanamuke akionekana akitoka hoteli asubui, hata kama alilala na shangazi yake, maneno yanatangulia kufika nyumbani mbele yake. Nyumba ya mutaa inamuhifazi. Ana jirani wa kusalimia, ana mulango wake, watoto wa parseli wanamuita mama. Binti muchuuzi mumoja wa Kalehe nilimuuliza kwa nini analipa nyumba ya Nyakaliba wakati kuko chumba cha bei ndogo karibu na soko. Akacheka, akaniuliza kama mimi ningemupeleka dada yangu kulala pale.

Usalama nao uko ndani ya jambo hilo. Usiku ikipigwa kelele mu parseli, watu wanatoka. Ku hoteli kuna mulinzi mumoja, na mulinzi yule hakujui. Lakini tusidanganyane, ile ile nyumba ambayo hakuna mutu wa mezani inaweza kuwa mutego. Mu Januari 2024 wasichana wawili waliuawa Nairobi mu apartema za kulipa kwa siku, kila mumoja mahali pake, na inchi nzima ya Kenya ikauliza nani alikuwa anaandika majina ya wenye kuingia. Jibu lilikuwa: mara nyingi hakuna. Kisha serikali yao ikaanza kudai nyumba hizo zijiandikishe. Huku kwetu ni shefu wa avenue na shefu wa kartie wanaopaswa kujua mugeni aliyelala mu avenue yao, na mugeni wa inchi ingine anaongeza mambo ya DGM. Kuna wenye nyumba wanaopeleka jina asubui, na kuna wenye kusema "ni shemeji yangu" kila juma. Shemeji wengi hivyo, hata majirani wanaanza kuhesabu.

Sasa twende upande wa mwenye nyumba, kwa sababu bila faida yake nyumba hizi hazingekuwako. Nyumba ya vyumba viwili na salo, tuseme inapangishwa dola 100 kwa mwezi. Mwenye nyumba akiweka vitanda, matela, sahani na pazia, akiilipisha dola 15 kwa siku, siku 12 tu za wageni zinamupa dola 180. Atoe maji, sabuni ya kufua mashuka, komisioneri, kijana wa kusafisha: bado anabaki juu ya dola 100, na kuna miezi ya siku 20. Tena hakuna mupangaji wa kukataa kutoka, hakuna kesi ku kartie. Ni kweli anakosa garanti, lakini wengi garanti ile walikuwa wamekwisha kuikula mbele ya mupangaji kufungua mizigo.

Hapa njo ubaya unaanza. Mu Kadutu hatuna parseli za kuongeza. Kilima kimejaa, mara ingine kimejaa mupaka mahali ambapo hakuna mutu angepaswa kujenga, na mvua inapokuja tunazika watu. Kila nyumba inayogeuka ya wageni inaondoka ku mikono ya wapangaji. Mwalimu aliyekuwa analipa dola 70 Nkafu anaambiwa dola 100 ao atoke. Atatoka, atapanda juu zaidi, karibu na mumonyoko. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31/12/2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi tatu ya kodi. Wangapi wanaijua? Na wenye kuijua, wangapi wanaweza kuisoma mbele ya mwenye nyumba ambaye ana mugeni wa dola 15 anayengoja ku barabara?

Tusifikiri ni shida yetu peke yetu. Kampuni ya Airbnb ilianza San Francisco mu 2008, kukaribisha wageni mu nyumba za watu, na miaka haikuwa mingi miji mikubwa ikaanza kulia juu ya kodi. New York, tangu Septemba 2023, mwenye kupangisha chini ya siku 30 anapaswa kuandikishwa, kuwa mwenyewe mu nyumba, na asipokee zaidi ya wageni wawili. Mu Juni 2024 meya wa Barcelona, kule Hispania, alitangaza kwamba mupaka Novemba 2028 vibali vyote vya apartema za watalii vitaondolewa, na vibali vile vinapita 10 000. Huku kwetu Airbnb ni komisioneri mwenye telefoni na picha tatu ku WhatsApp. Lakini mambo ni yale yale: mugeni wa siku tano anashindana na jirani wa miaka tano, na mugeni ana nguvu zaidi ya kulipa.

Mimi sisemi tufunge nyumba hizo. Ningesemaje vile, wakati binti wa mama mudogo alipona akinywa uji wa nyumba hiyo? Lakini ninaona kuna tofauti kati ya mama mujane anayetoa kipande cha nyumba yake ili alipe masomo ya watoto, naye analala pale pale mu parseli, na mutu mwenye nyumba tano ambaye alifukuza familia tano mu mwaka mumoja. Wa kwanza anaongeza nafasi mu Kadutu. Wa pili anaipunguza. Mupaka leo wote wawili wanahesabiwa sawa, ni kusema hakuna anayehesabiwa.

Kwa wewe unayekuja, ao unayemutafutia jamaa nyumba, haya njo tulijifunza kwa miguu yetu. Usilipe kwa picha. Tulilipa komisioneri wa kwanza pesa ya kuonyesha nyumba tatu, mbili zilikuwa na watu ndani. Enda saa ya mangaribi, kwa sababu nyumba ya asubui na nyumba ya usiku mara nyingi hazifanani: baa ya jirani inaamuka, ao njia inakuwa giza kabisa. Fungua robine mwenyewe, kisha uulize kama tanki ikiisha nani anajaza. Muombe mwenye nyumba akupeleke kwa shefu wa avenue. Akikasirika, hiyo tayari ni jibu. Na uandike bei ku karatasi, hata ya kikayeye, na tarehe ya kuingia, na kama makala na umeme ni juu ya nani. Sisi tuligombana siku ya mwisho juu ya dola 8 za umeme ambazo hakuna mutu alikuwa ametaja.

Moto usiusahau. Nyumba za Kadutu zinashikana, mbao na mabati, na kila mukaaji anajua avenue iliyoungua kwa mbabula moja ao waya moja. Mugeni hajui njia ya kutokea usiku. Mara ya kwanza ukiingia, muulize mwenye nyumba: moto ukiwaka, tunapita wapi? Ile ya Nkafu ilikuwa na mulango mumoja na madirisha yenye vyuma. Mama mudogo aliona, akalala na mbabula inje siku zote kumi na tisa, hata mvua ilipokuwa inanyesha alikuwa anapika chini ya bati la jirani. Ni hivyo alivyojuana na jirani yule, na mupaka leo wanatumiana salamu: huku inapanda Kamituga bido ya mafuta ya mawese, na kule zinarudi sambaza za kukauka.

Mu juma zijazo tutarudilia neno la kodi na garanti mu Kadutu. Wewe uliyetolewa mu nyumba kwa ajili ya wageni, ao wewe mwenye nyumba unayeona tumekuonea, pita hapa ku redio tukusikilize. Majina tutayaweka pembeni.